Marashi Juu ya Ruta

Shughuli nzima ilinigharimu shilingi elfu kumi na nane mia saba na hamsini. Nilihesabu mara mbili, kisha nikahesabu mara ya tatu kwa kuwa zile mbili za kwanza hazikukubaliana. Elfu saba ilikuwa ruta yenyewe, kile kisanduku cha kugawa mtandao, ya mkono wa pili, iliyotoka kwenye hoteli moja ya Diani iliyokuwa ikikarabatiwa. Waliniambia elfu tisa na nusu, nikacheka, nikaondoka, wakaniita. Elfu tano walichukua watu wa mtandao waliokuja kufunga kisahani juu ya bati. Elfu moja mia mbili waya, elfu moja mia nane ekstensheni yenye kinga ya umeme, mia tatu bodaboda, elfu mbili mia tano fundi. Zilizobaki, mia tisa na hamsini, ni ubani, halwa, kahawa na chupa ya marashi ya mawaridi. Hizo mia tisa na hamsini zilikaribia kuzila zote zilizotangulia.

Mimi ni muuza vitu vilivyotumika. Duka langu liko Msambweni, kando ya barabara kuu, na hoteli yoyote ya Diani ikibadilisha magodoro, mimi nipo mlangoni kabla godoro la kwanza halijashuka ngazi. Mwaka huu niliona watu wangu wanapanda gari hadi Ukunda kwenda kujaza fomu za serikali na kuchapisha karatasi mbili. Nikapiga hesabu ya nauli yao ya kwenda na kurudi, nikaona fedha zile zinapita mbele ya mlango wangu bila kunisalimu. Kompyuta mbili nilikuwa nazo, printa nilikuwa nayo. Kilichokosekana ni mtandao.

Fundi niliyempata alikuwa mwanamke wa bara, amepita arubaini, ameishi pwani miaka kumi na sita akishughulikia kompyuta za hoteli mpaka hoteli ilipopunguza watu. Sasa alikuwa anajitafutia mwenyewe. Siku ya kwanza aliniambia jambo ambalo mtu anayepatana bei hapaswi kulisema kamwe.

"Mama, hii ndiyo kazi yangu ya kwanza huku kwenu Msambweni. Ikiharibika, ya pili sipati."

Nami sentensi hiyohiyo niliitumia kumshusha kutoka elfu tatu na nusu hadi mbili na nusu. Nasema tu ilivyokuwa.

Alikuja Alhamisi kukagua. Nilidhani atachomeka, taa zitawaka, tutapeana mikono. Yeye aliomba kiti. Akakaa katikati ya duka, mikono juu ya magoti, akawa anatazama kuta.

"Unangoja nini?" nikamwuliza.

"Naangalia."

"Na kuangalia nako nakulipia?"

"Kuangalia ndiko unakolipia, mama. Kuwasha hata mtoto anaweza."

Ruta nilikuwa nimeiweka dirishani ipate hewa. Akaitoa. "Upepo huu una chumvi. Miezi sita tu, vyuma vya ndani vitakuwa unga." Nikaipeleka juu ya friji, akaitoa na hapo, akasema friji ina mota na mota ina kelele zake ambazo sisi hatuzisikii. Ukuta wangu wa nyuma ni wa mawe ya matumbawe, mnene kama wa msikiti wa zamani, na huo nao akaukataa, kwamba unameza mawimbi yote. Mwishowe tukaiweka kwenye rafu ya mbao katikati ya duka, kimo cha kifua, mahali ambapo mimi nilikuwa nimepanga kuweka pasi za kuuza. Pasi zikahama.

Halafu akatoa testa na mita, akaanza kuipima soketi tundu moja moja. Kwenye tundu la tatu akasita.

"Hili ni pambo," akasema.

"Pambo vipi? Soketi zote zina matundu matatu."

"Matundu yapo. Waya wa ardhini haupo."

Akazima umeme wa duka zima, akafungua soketi, na kweli, waya ule ulikuwa umekatwa na kukunjwa nyuma kama mtu aliyeficha deni. Aliyenijengea duka hili nilipatana naye mpaka akalia. Sasa nilielewa alikopunguzia. Fundi akauunga, akafunga, akapima tena. Kisha akapima tena. Mimi ni mtu wa kuhesabu mara mbili, na sijazoea kumwona mwingine akifanya hivyo bila ya kulazimishwa. Nilianza kumtazama kwa jicho jingine.

Akaomba adapta. Ruta ilikuja bila yake, lakini mimi nina sanduku la adapta za mahoteli, zimepita arubaini, nami nilikuwa nimeshachagua moja ambayo mdomo wake ulikaa sawasawa. Nikampa kwa majivuno.

"Inaingia," nikasema.

"Hata mwizi huingia, mama."

Akaipindua ruta, akanionyesha maandishi madogo chini yake: volti kumi na mbili. Akaipindua adapta yangu: ishirini na nne. Akaniangalia.

"Ulishaijaribu?"

"Jana nilitaka. Stima ilikuwa imepotea."

Alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akakaa na lile sanduku, akasoma adapta moja baada ya nyingine kwa tochi ya simu, karibu saa nzima, mpaka akaipata yenyewe. Akaichomeka peke yake, bila ruta, akagusa ncha yake kwa mita, akasoma kumi na mbili, akaichomoa. Akakata kipande cha karatasi, akaandika "ya ruta tu", akakifunga kwa uzi kwenye waya. Nikamwuliza kwa nini tusiwashe basi, kila kitu si kiko tayari?

"Wewe si umesema kesho kuna dua?" akasema. "Basi tuwashe kesho, mbele ya watu wako."

Alisema kweli. Huku kwetu kitu hakianzi kazi bila ya dua. Duka, mashine ya boti, kisima, hata cherehani. Na katika mtaa wetu anayeitwa ni shangazi yangu, aliyenilea. Maduka aliyoyasomea ni mengi, na mengine mpaka leo hayajafungwa. Nikialika watu bila yeye, heri nisialike.

Ijumaa baada ya swala walikuja watu kumi na mmoja. Niliwahesabu mara mbili kwa sababu ya halwa. Miongoni mwao alikuwa jirani yangu wa ng'ambo ya barabara, muuza simu na vifuniko vyake. Kazi hii aliitaka yeye kwa elfu moja mia tano, nami nilimkatalia, maana chaja zake hazimalizi mwezi. Alikuja hivyo hivyo. Halwa haina kinyongo.

Shangazi akasoma, tukaitikia amina. Chetezo kikazunguka, ubani ukajaa dukani mpaka printa ikanukia. Kisha akachukua mrashi wake wa fedha, ule wa shingo ndefu, akatunyunyizia mikononi na vichwani. Akanyunyizia droo yangu ya fedha, nami nikaivuta kidogo ifunguke zaidi. Halafu akageukia rafu.

"Na hicho ndicho chenyewe?"

"Ndicho, shangazi."

Nilidhani atanyunyizia rafu. Akanyunyizia ruta, juu kabisa, mara tatu, kwa mkono wa mtu asiyebania baraka. Juu ya ruta ile kuna matundu madogo ya kupumulia. Niliona matone yamesimama kwenye plastiki nyeusi, yanang'aa. Kisha sikuyaona tena. Yaliingia ndani.

Fundi alikuwa amesimama na adapta mkononi, shibiri moja kutoka kwenye soketi, watu wote wanamtazama yeye. Aliyaona matone kama nilivyoyaona. Mkono wake ukashuka pole pole. Akauzungusha waya, akaitia adapta ndani ya mkoba wake, akaufunga zipu.

Nilijua sasa atasema neno la bara. Atasema mmeharibu. Na angelisema angekuwa na haki, na shangazi yangu, mwenye umri ule, angebaki na mrashi mkononi mbele ya watu kumi na mmoja.

Akainama kidogo. "Ahsante sana kwa dua, shangazi. Sasa tutaiacha ipumzike. Hii kitu imetoka Diani juu ya pikipiki, imetikiswa, imepigwa na jua. Ikitoka safari si vizuri kuiamsha haraka. Kesho saa nne, Mungu akipenda, tutaiwasha."

Ruta ilikuwa imefika Jumatano. Lakini shangazi si mtu wa kuhesabu siku.

"Kama mgeni," akasema.

"Kama mgeni hasa."

"Huyu ana adabu," shangazi akaniambia kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. "Umemtoa wapi?"

Wengine hawakuridhika upesi hivyo. Muuza simu akaweka kikombe chini.

"Loo! Kumbe ruta ni mwari, huwekwa ndani?" Watu wakacheka. "Au kitufe ndicho hukijui kilipo, fundi? Nipishe mimi. Dakika moja, niende zangu."

"Kaka, njoo kesho saa nne uone," fundi akamjibu. "Leo kula halwa."

"Halwa nimeshaimaliza. Nataka kuona kazi."

"Kwani huko bara huwasha kwa siku mbili?" sauti nyingine ikauliza kutoka mlangoni, na kicheko kikawa kikubwa zaidi. Nikamwangalia fundi. Alikuwa anatabasamu, lakini kidole chake kilikuwa kinasugua zipu ya mkoba, mbele na nyuma, mbele na nyuma. Msambweni habari hutembea kwa kasi kuliko mtandao wowote. Kabla ya alasiri ingefika hadi mji wa jirani, Ramisi, kwamba fundi mwanamke aliitwa kuwasha akashindwa.

Muuza simu akanyoosha mkono kuelekea rafu. Nikaingia katikati.

"Ukiigusa umeinunua," nikamwambia. "Elfu kumi na nane mia saba na hamsini, na sipatani."

Akapiga hesabu kichwani, niliona midomo inatikisika, akaurudisha mkono mfukoni.

Walipoondoka wote, tuliegesha mlango. Fundi akatandika leso yangu juu ya meza, akaipindua ruta, akabandua miguu yake ya mpira. Chini ya miguu hiyo palikuwa na skrubu. Akazitoa kwa bisibisi ndogo, akazipanga juu ya leso kwa mpangilio uleule zilivyokaa.

"Hesabu, mama."

"Nne."

"Hesabu tena."

Hapo ndipo nilipoanza kujuta ile elfu moja niliyompunguzia.

Ndani mlikuwa na bodi ya kijani, na juu yake matone manane, tisa ukihesabu lile dogo. Moja lilikuwa limekaa katikati ya vijiguu viwili vya chuma, karibu na mahali umeme unapoingilia. Akalielekeza kwa ncha ya bisibisi bila kuligusa.

"Hapa ndipo ingelia pu! ikaungua."

"Tuitie kwenye mchele," nikasema, maana simu yangu ilipoanguka ndani ya ndoo ndivyo nilivyofanya.

"Mchele upike. Hapa utaacha vumbi lake tu."

Akatoka mwenyewe hadi duka la dawa, akarudi na chupa ya spiriti ya shilingi themanini. Themanini hizo sikuzitia kwenye jumla pale juu kwa kuwa alizilipa yeye, na kila nikimrudishia hakubali. Akafyonza matone kwa kitambaa, moja moja, kisha akachukua brashi laini ya kope, mpya, ndani ya karatasi yake bado, akawa anaichovya kwenye spiriti na kusafisha kila kijiguu. Nikamwambia maji yalishatoka, kwani anaendelea na nini?

"Maji matupu hukauka yakaenda zake," akasema. "Marashi hukauka yakaacha jamaa zake."

Alifanya kazi hiyo saa moja na nusu, mgongo umepinda, bila kuinua kichwa. Nimewahi kuona mafundi wengi. Wengi wao hufanya kazi kwa bidii mwenye mali akiwapo, akienda msalani wanapumzika. Mimi nilikwenda nyuma mara mbili, na mara ya pili nilirudi kwa kunyata makusudi. Alikuwa palepale, kijiguu hadi kijiguu. Mwishowe akaiweka wazi mbele ya feni, kwa mbali, ipigwe na upepo mpaka kesho yake. Nikafikiria tokeni za umeme, nikaiacha feni izunguke.

"Kwa nini hukusema kweli?" nikamwuliza alipokuwa ananawa mikono.

"Kwa nani? Kwa mama wa watu, mbele ya watu?" Akajipangusa. "Mimi nimekuja mji wenu, mama. Nikimwaibisha yule, hata ruta ikiwaka, mimi nimezimika."

"Na kesho ikikataa?"

"Ikikataa nitasema ni mimi. Nitasema nimekosea."

Alisema hivyo kama mtu anayesema kesho ataleta mwavuli. Ile kazi ya kwanza, ambayo ikiharibika ya pili hapati, alikuwa tayari kuibeba yote mgongoni kwa ajili ya mwanamke aliyemjua kwa robo saa. Nilimfungia kipande cha halwa nilichokuwa nimekificha nyuma ya pasi.

Jumamosi saa nne walikuja watu kumi na wanne, na halwa ilikuwa imekwisha, kwa hiyo najua walikuja kwa jambo lenyewe. Muuza simu alijiletea kiti. Shangazi akakaa mbele, na nashukuru mrashi aliuacha nyumbani.

Fundi alikuwa amefika saa mbili. Aliinusa ruta, akanipa na mimi niinuse; ilinuka spiriti, na kwa mbali sana, waridi. Akaiangalia bodi kwa tochi, upande huu na upande huu. Akaifunga. Skrubu nne. Sasa mbele ya watu akarudia yote ya Alhamisi kama kwamba hayakuwahi kufanyika: soketi kwa mita, ekstensheni kwa mita, adapta peke yake kwa mita. "Kumi na mbili," akasoma. Akaizima ukutani. Akachomeka waya wa kisahani. Akachomeka adapta kwenye ruta. Akanitazama, nikatikisa kichwa kukubali, na akabonyeza swichi ya ukutani kwa kidole kimoja.

Kwa muda sikuona kitu. Mtu akakohoa. Kisha taa moja ikawa nyekundu, na fundi hakutikisika, lakini niliona ameacha kupumua. Nyekundu ikawa ya manjano. Manjano ikapepesa, ikapepesa, nikaihesabu mipepeso kumi na saba, ikawa kijani. Ya pili kijani. Ya tatu. Ya nne ilichelewa kama mgeni wa heshima, nayo ikaja.

Fundi akapumua. Akageuka akaanza kukunja nyaya zilizobaki, akituonyesha mgongo, na nadhani nilijua kwa nini.

"Mnaona!" Shangazi alikuwa amesimama. "Mnaona marashi? Walisema haiwaki!"

"Wallahi shangazi una mkono," muuza simu akasema, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kuomba neno la siri la mtandao. Nilimtajia bei.

Watu wakampa shangazi mkono mmoja mmoja. Nikafungua kinywa. Fundi, bado ameinama, akanikanyaga mguu, si kwa nguvu, ila kwa kuelewana.

"Amina, shangazi," akasema. "Dua ndiyo iliyotangulia."

Sasa mtandao unafanya kazi tangu siku ile na haujanikatikia kwa kosa la ruta. Lakini habari ilivyotoka hapa sivyo ilivyofika kule. Mwenye duka mmoja wa Ramisi amemwita fundi wangu akamfungie ruta mpya, bado iko kwenye kasha, ya elfu kumi na moja, kwa sharti kwamba shangazi naye aje na mrashi wake, kwa kuwa yeye hataki kitu kichomekwe bila ya baraka ile ya Msambweni. Ni Ijumaa ijayo. Fundi amekubali, maana hiyo ndiyo kazi yake ya pili, na shangazi ameshanunua chupa mpya ya marashi, kubwa kuliko ile ya kwanza.

Nimemdokezea shangazi kwamba pengine anyunyizie kasha kabla halijafunguliwa. Akaniambia baraka ya kasha hubaki kwenye kasha. Nimemwambia fundi afunike ruta kwa nailoni. Akasema shangazi atauliza nailoni ya nini, na yeye hana jibu lisilo la uongo, na uongo mmoja tu aliokuwa nao alishautumia. Nikimwambia shangazi kweli, nitakuwa nimemvunja kwa jambo alilolifanya kwa mapenzi, na nitakuwa nimeivunja stara ambayo fundi alimsitiri nayo. Nisipomwambia, marashi yataingia tena, na safari hii kuna mwenye duka asiyependa kungoja hadi kesho, na jina litakaloungua ni la fundi peke yake.

Mimi najua kupatana bei. Jambo hili sijui linaanzwa wapi. Nyinyi mliolelewa na shangazi, mliowahi kumrudi mkubwa wenu bila ya kumwumiza, nishaurini: nimwambie nini, na kwa maneno yapi, kabla ya Ijumaa?